Siku Nne Katika Sabuni

Kazi ya Ingegerd Palmkvist ilikuwa kufua mapafu. Jirani akimwuliza anafanya nini kule chuoni, huko kwao Uswidi, alijibu vivyo hivyo, nafua mapafu, jirani akacheka, naye akamwacha acheke zake. Lakini kazi ndiyo hiyo. Mtu amefariki, jamaa zake wamekubali pafu lake litumike kwa utafiti, pafu linakatwa vipande vyembamba, vipande vinalowekwa katika sabuni ya maabara mpaka seli zote zitoke. Kinachobaki ni kiunzi, cheupe na chepesi, vijumba vyote vya hewa vikiwa mahali pake ila wenyeji wamehama. Ingegerd alikuwa na miaka sitini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kwenye mabeseni hayo, wala hajawahi kuharibu kipande hata kimoja. Jambo hilo lilimpa raha. Hakulisema, maana kwa watu wa kwao kujisifu mbele za watu ni aibu kubwa kuliko kwenda kanisani pekupeku, lakini alilijua, na wenzake walijua kuwa analijua.

Aliyekuwa akivitumia vipande vyake ni Vendela Hjort, mwanafunzi wa uzamivu, binti wa miaka thelathini, mrefu, mwenye haraka, anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Miaka minne alikuwa akihangaika na swali moja tu. Kuna ugonjwa unaoyageuza mapafu kuwa makovu matupu: seli zinafuma nyuzi, zinafuma, hazijui kuacha, mpaka mgonjwa anakosa pa kuingizia pumzi. Wengi walisema kosa ni la seli. Vendela akasema, hebu tuzitazame na kuta zinamokaa. Akachukua seli za mgonjwa, akazipanda katika kiunzi cha pafu lisilo na ugonjwa, zikatulia, zikaacha kufuma. Akachukua seli za mtu mwenye afya, akazitia katika kiunzi chenye makovu, na hazikumaliza wiki mbili, nazo zikaanza kufuma kama zimerogwa. Kumbe ukuta nao una neno la kusema.

Alilifanya jaribio mara tatu, likajibu vilevile. Ilibaki mara ya nne, ya mwisho. Ikienda sawa, sura ya nne ya tasnifu imekamilika, na tarehe ishirini Septemba Vendela atapigilia msumari wake. Ndiyo desturi yao wale: wiki tatu kabla ya kuitetea tasnifu, unaigongomea kwa msumari kwenye ubao mkubwa ukumbini, ili yeyote apitaye aisome na kutafuta kasoro. Bila sura ya nne hakuna msumari, na mkataba wa Vendela ulikuwa unakwisha Desemba. Ingegerd naye alikuwa anastaafu Krismasi. Alitaka kumwona binti yule akipiga nyundo kabla hajaondoka. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyotaka zawadi ya kuagwa.

Sasa sikia walivyoharibu.

Jumatano moja katikati ya Mei, Ingegerd alitia sabunini vipande sita vya mwisho vya mtoaji wa pafu wa kumi na saba. Huyo alikuwa mwanamke aliyefariki kwa damu kuvilia kichwani, hakuwahi kuvuta sigara, mapafu mazima kabisa, na mapafu ya namna hiyo huja maabara mara moja kwa miaka. Sabuni ni saa ishirini na nne, si zaidi. Kwa hiyo Alhamisi mtu alipaswa kuja kuvitoa. Na Alhamisi hiyo ilikuwa Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, na Ijumaa yake ilikuwa ile Ijumaa iliyobanwa kati ya sikukuu na Jumamosi, ambayo hakuna Mswidi mwenye akili timamu anayeifanyia kazi.

Jumatano hiyo, kwenye kahawa ya saa tatu, Ingegerd akasema, huku akimega andazi la mdalasini, kwamba kesho mtu apite avitoe vipande. Profesa Torkel Wibom, ambaye pale hata wafagizi walimwita Torkel tu, akaitikia mm. Vendela akaitikia mm. Ingegerd mwenyewe, kwa kuzoea, akaitikia mm. Ikaonekana jambo limepangwa. Katika nchi ile mkubwa haamrishi, watu hukubaliana, na wakikubaliana wote kwa pamoja namna hiyo, basi jua hakuna atakayekwenda. Ingegerd alidhani ni Torkel, kwa kuwa anakaa mwendo wa dakika tano kwa baiskeli. Torkel alidhani ni Ingegerd, kwa kuwa miaka yote ni Ingegerd. Vendela hakudhani lolote, alikuwa akiwaza mashua ya mchumba wake.

Jumatatu Ingegerd akaja mapema, kucha zake zingali na rangi nyeupe aliyopakia madirisha ya kibanda chake cha kiangazi. Akafungua mlango wa chumba cha kufulia, akaviona vipande vinaelea ndani ya sabuni ileile ya Jumatano. Akaimwaga sabuni, akavisuuza mara kumi, akavinyanyua kimoja kimoja kwenye taa. Havikuchanika. Vilikuwa vyeupe kuliko kawaida. Katika daftari la kufulia kuna safu ya saa ya kutoa, na safu hiyo akaiacha tupu, akijiambia atauliza kwanza kama kuna aliyepita. Hakuuliza. Vendela alipoingia akavisifu, akasema havijawahi kutoka vizuri hivi. Ingegerd akasema mm.

Zilipita wiki tatu, Juni ikaingia, mchana ukawa hauna mwisho, watu wakaanza kuzungumza habari za stroberi na viazi vipya. Asubuhi moja Vendela akatoka chumba cha seli na macho mekundu, akaja moja kwa moja chumba cha kufulia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaeleza kwamba seli za mgonjwa, katika kiunzi cha mtoaji wa kumi na saba, zinafuma makovu kama ziko kwao. Vipande vyote sita. Alisema bila shaka zile mara tatu za mwanzo zilikuwa bahati tu, ukuta ni ukuta, hausemi kitu, na yeye amepoteza miaka minne akisikiliza. Alikwisha kumwandikia Torkel kwamba anaifuta sura ya nne na tarehe ya msumari.

Ingegerd akalifunga bomba. Alijua kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza mpaka kaburini.

"Vilikaa siku nne na zaidi," akasema.

"Nini kilikaa siku nne?"

"Vipande. Hakuna aliyekuja Alhamisi. Nilivikuta Jumatatu, ndani ya sabuni."

"Umejua wiki tatu nzima?"

"Nimejua."

"Nikakusifia, ukasema mm."

"Nikasema mm."

Vendela akainuka akatoka, akausukuma mlango kwa nguvu zake zote, lakini ulikuwa wa aina ile inayojifunga yenyewe polepole, kwa hiyo hata hasira yake haikusikika. Ingegerd akabaki amesimama, masikio yakimwaka kwa aibu. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini na aliyeufunua kwa kuchelewa hana raha. Miaka ishirini na miwili ya kufua bila doa ilikuwa imekwisha, na alishangaa kuona si hiyo iliyomuuma. Kilichomuuma ni yule binti kukaa juu ya ndoo akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

Saa moja baadaye Vendela akarudi na vikombe viwili vya kahawa. Alikuwa bado amenuna, lakini alikuwa na swali, na mtu yule akishakuwa na swali hawezi kununa vizuri. Akauliza siku nne za sabuni zinatoa nini ambacho siku moja haitoi.

Hakuna kitabu kilichokuwa na jibu la haraka, lakini vidole vya Ingegerd vilikuwa nalo. Kipande kilichofuliwa siku moja kinateleza mkononi, akaeleza, kina ule ute wa samaki mbichi. Hivi vya Jumatatu havikuteleza. Vilikwaruza kidogo, kama nywele zilizooshwa kwa sabuni ya kufulia nguo. Aliligundua hilo wakati wa kuvisuuza, akalipuuza kwa hofu.

"Sukari," Vendela akasema polepole. "Gerd, utelezi ule ni zile molekuli zenye mikia ya sukari. Ndizo zinazoshika maji."

Basi wakapima. Ingegerd ana tabia, wengine huiita ya kibahili, ya kukikata nusu kila kipande kilichokwisha kufuliwa na kuweka nusu moja akiba, kwa hiyo nusu sita za mtoaji wa kumi na saba zilikuwapo. Nyuzi ngumu za kolajeni, zinazolipa pafu umbo lake, zilikuwa zimebaki zote. Zile zinazolifanya linyumbuke nazo zilikuwapo. Lakini molekuli zenye sukari zilikuwa zimekwenda na maji, karibu tisa katika kila kumi, na miongoni mwao ilikuwamo moja ndogo iitwayo dekorini, ambayo kazi yake ni kukumbatia nyuzi na kuzituliza seli zisifume ovyo. Nyumba ilikuwa imesimama, kuta zote na vyumba vyote, ila aliyekuwa akiwaambia wakazi watulie ameoshwa akatoka. Ndiyo maana zile seli za mgonjwa zilifuma kama ziko kwao.

Kusema hivyo ni rahisi, kuthibitisha ndiyo shughuli. Wakaagiza dekorini, ikaja katika kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Nusu tatu wakazirudishia, tatu wakaziacha zilivyo, wakapanda seli za mgonjwa katika zote sita. Kisha wakakaa Julai nzima wakizilisha. Asiyewajua Waswidi hawezi kujua Julai ni nini kwao: jengo zima lilikuwa tupu, hata mashine ya kahawa ilizimwa, Torkel alikuwa kisiwani hana mtandao. Ingegerd akaacha kibanda chake na kitanda chake cha kamba bustanini, akaja kila siku kwa baiskeli na mkate wa samaki wa kukaushwa kwa moshi ndani ya kikapu. Wawili wale walikula nje kwenye ngazi, miguu juani, wakiteta habari za watu wote wa ghorofa zote. Siku moja Vendela akamwambia kwamba hasira imemwisha, ila anamtaka ajue kwamba ilikuwapo. Ingegerd akasema anajua. Akampa nusu ya mkate wake iliyokuwa na samaki wengi zaidi.

Mwisho wa mwezi wakatazama. Penye dekorini seli zilikuwa zimetulia. Si zote, lakini zaidi ya nusu. Pasipo dekorini zilifuma tu. Vendela alikaa kwenye hadubini akicheka peke yake, kisha akamvuta Ingegerd kwa mkono wa koti aje aone. Ingegerd akaona, akavua miwani akaifuta, akatazama tena.

Agosti Torkel akarudi amebabuka pua, akasoma matokeo, akasema sura hii ni bora kuliko ile waliyoipanga. Tarehe ya msumari ikarudi pale pale. Na Vendela akaandika, akamletea Ingegerd rasimu aikague upande wa mambo ya kufua.

Ingegerd akaisoma kwenye benchi la nje. Pale penye maelezo ya kazi palikuwa pameandikwa kwamba kundi la nne la vipande lilifuliwa kwa makusudi kwa saa zaidi ya mia moja, ili kuondoa molekuli zenye sukari. Akapasoma mara mbili. Akamwita Vendela, akamwuliza mbona kumeandikwa makusudi.

"Inasomeka vizuri," Vendela akasema, akitazama viatu vyake. "Na wewe unaondoka Krismasi. Sitaki watu wakukumbuke kwa beseni lililosahauliwa. Nani atajua?"

Asikudanganye mtu, jambo hilo lilimpendeza Ingegerd. Lilimpendeza sana. Mara moja doa limefutika, na si doa tu, limegeuka werevu. Akaenda kwa Torkel ili asikie angesema nini. Torkel akakuna pua yake iliyobabuka, akauliza, ninyi wenyewe mnaonaje? Huyo ndiye profesa wao. Unamwuliza njia, anakuuliza unakwenda wapi.

Jumamosi na Jumapili alikuwa kibandani akichuma matunda ya kupikia jamu, akijaribu kuifurahia ile habari ya makusudi, na haikukubali. Kila akiinama kichakani alimkumbuka mtoaji wa kumi na saba. Hakujua jina lake. Alijua umri wake, uzito wake, na kwamba hakuwahi kuvuta sigara. Na alijua kwamba mtu fulani wa nyumbani kwake, mume au mtoto, alishika kalamu akatia sahihi siku iliyokuwa mbaya kuliko zote maishani mwake. Jumatatu alipofika kazini hakuvua hata kofia ya baiskeli.

"Yule mama hakutuachia pafu lake ili tumtungie hadithi," akamwambia Vendela. "Andika tulisahau."

"Nitaandika ilitokea kwa bahati mbaya."

"Bahati haikupaswa kuja kazini Alhamisi. Ni sisi tuliopaswa. Andika tulisahau."

"Na jina lako?"

"Litie."

Vendela akatafuna ncha ya kalamu. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo litaingia na lake, na la Torkel, maana siku ile wote watatu waliitikia mm. Wakaenda kumwambia Torkel. Akawa mwekundu, akaanza kusema mm, akajishika, akasema ndiyo kwa kinywa kizima. Ukurasa wa themanini na moja ukachapwa hivyo: vipande vilisahauliwa sabunini siku nne, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake atakuja, na majina matatu chini yake.

Tarehe ishirini Septemba ukumbi ukajaa. Tasnifu ilikuwa imetobolewa tundu kwenye pembe, Vendela akaitundika kwenye ubao uliojaa matundu ya misumari ya watu waliomtangulia, akapiga nyundo. Pigo la kwanza likakosa, la pili likapinda msumari, la tatu likaingia. Watu wakapiga makofi, keki ya kijani ikakatwa. Torkel akatoa hotuba ya sentensi tatu, na kwa Torkel hiyo ni hotuba ndefu. Ingegerd alikuwa kando na sahani yake, amefurahi na anaogopa kwa wakati mmoja. Alichokitaka amekipata, binti amepigilia. Lakini ubao ule uko hadharani, na kila aliyeufunua ukurasa wa themanini na moja alikuwa anasoma jina lake.

Hjalmar Ekroth aliusoma kwa muda mrefu kuliko wote. Huyo alikuwa mfuaji mwenzake wa ghorofa ya tatu, ambako hufua mioyo, mtu nadhifu kupita wote jengoni, anayepanga hata mifuniko ya chupa kwa rangi. Akaifunga tasnifu, akaja mpaka alipo Ingegerd. Ingegerd akajikaza apokee maneno.

"Ni kweli iliyoandikwa pale?" Hjalmar akauliza.

"Ni kweli."

"Alhamisi ile ya Kupaa?"

"Hiyo hiyo."

Hjalmar akatazama sakafu. Kwa sauti ndogo akaeleza kwamba ghorofa ya tatu nao walikwenda zao Alhamisi ile, kila mmoja akimtegemea mwenzake, na vipande kumi na viwili vya moyo wa kijana wa miaka kumi na tisa vikakaa sabunini mpaka Jumatatu. Yeye ndiye aliyevikuta. Katika daftari akaandika kwamba jokofu liliharibika.

"Ukavitupa," Ingegerd akasema.

"Tisa. Vitatu vilinishinda kuvitupa. Mama yake alituletea barua ya kutushukuru. Viko nyuma kabisa ya friza, havina lebo. Sijamwambia mtu."

Ingegerd akaiweka sahani dirishani. Kule mbele Vendela alikuwa akimwita aje kwenye picha, naye Ingegerd akampungia mkono kwamba waanze. Akamshika Hjalmar kiwiko, wakapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, taratibu kwa sababu ya magoti ya Ingegerd. Friza ikafunguliwa, baridi ikawapiga usoni. Hjalmar akachimba nyuma ya masanduku akavitoa vile vipakiti vitatu, akaviweka mezani, na Ingegerd akamsogezea karatasi ya lebo na kalamu.

"Andika ilivyokuwa," akamwambia.

Hjalmar akaandika namba ya mtoaji, akaandika siku nne, akaandika tarehe ya kweli. Kisha akakaa kwenye kiti akalia, na Ingegerd akakaa naye mpaka alipomaliza.